Mlenda Mlangoni kwa Scholastika

Ukifika Ilongero ukauliza ni nani mwenye ulimi mkali kuliko wote, watu watakuelekeza kwa kidevu kwenye nyumba ya bati yenye mlango wa bluu, jirani na pampu ya maji. Kwa kidole hawakuelekezi, maana mwenye nyumba anaweza kuwa anachungulia. Agripina akiona watu wanaitazama nyumba yake atataka kujua wamesema nini, na wakimwambia hawakusema kitu, atawaambia yeye walichosema.

Usimwogope, hata hivyo. Ni mama mwema, mzaliwa wa Ihanja kule barabarani, aliyeolewa Ilongero miaka thelathini na minne iliyopita na Noel, mfuga nyuki. Noel ni mtu wa maneno machache sana, na wanaowafahamu husema maneno ya nyumba ile yaligawiwa kwa pamoja, kisha mmoja akachukua yote. Wana watoto wanne, wakubwa wote. Wa kwanza ni Witness, muuguzi mjini Singida, ndiyo maana kijijini mama yake anaitwa Mama Witness. Mgonjwa akilala, Agripina ndiye wa kwanza kufika na uji. Msiba ukitokea, sufuria zake ndizo zinazotangulia. Analima alizeti na uwele, na anafuga kuku wa kienyeji ambao huwapa majina ya watu waliomuudhi, ili siku ya kuwachinja apate faraja kidogo. Jogoo mmoja aliwahi kuitwa Mtendaji. Makoo walioitwa Scholastika wameshaliwa watatu, na wa nne alikuwa ananenepeshwa.

Scholastika mwenyewe, yule wa miguu miwili asiye na manyoya, ni jirani yake. Kinachowatenganisha ni uzio wa minyaa na ugomvi wa miaka mitatu. Ulianza pale koo mmoja wa Agripina alipoamua, kwa sababu anazozijua yeye, kwenda kutagia na kuatamia jikoni kwa Scholastika. Akaangua vifaranga kumi na mmoja. Agripina akavifuata, Scholastika akakataa kuvitoa, akisema kuku amekula mtama wake na amelala jikoni kwake, kwa hiyo vifaranga ni vya kwake. Wakaitana majina. Wakapelekana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kesi ikiwa bado inaendelea, ugonjwa wa mdondo ukapita ukafagia vifaranga vyote kumi na mmoja pamoja na mama yao. Hapo mtu angetegemea ugomvi uishe, kwa kuwa hakukuwa na cha kugombania tena. Ukazidi. Agripina akaapa mbele ya wanawake wote pale pampuni: "Siku nitakayompa yule mama hata punje ya chumvi, nifungeni kamba, mjue nimerukwa na akili."

Basi mwaka huu, siku moja baada ya Jumatano ya Majivu, jumuiya yao ya Kikatoliki ilikutana nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mwalimu Andrea, mzee mstaafu ambaye mpaka leo huwaongoza watu wazima kama darasa la tatu. Andrea alikuwa na jambo jipya. Alisema kila Kwaresima wanafunga nyama, wanafunga pombe, wengine wanafunga mpaka sukari, na Pasaka ikifika roho zao ziko vilevile, zimepungua kilo tu. Safari hii atawapa kazi. Alikuwa ameandika majina ya wanajumuiya wote kwenye vikaratasi, akavikunja na kuvitandaza kwenye ungo. Kila mtu achukue kimoja. Atakayempata atamtendea mema kwa siri mpaka Pasaka, na siku ya Pasaka watafichuana wakiwa wanakula pamoja.

"Nimesema matendo," Andrea alisisitiza. "Mtu asije hapa Pasaka akaniambia alimwombea mwenzake kwa mbali."

Agripina, ambaye alikuwa ameshapanga kumwombea kwa mbali mtu yeyote atakayempata, aligunaguna, akatia mkono kwenye ungo. Akafungua kikaratasi. Scholastika.

"Nimejichukua mwenyewe," alisema papo hapo. "Naomba nibadilishe."

"Tuone," Andrea akasema.

"Si nimekwambia ni mimi?"

"Mama Witness, nimefundisha miaka thelathini na saba. Lete hiyo karatasi."

Andrea alikisoma kile kikaratasi bila hata kupepesa jicho, akakikunja upya na kumrudishia. Agripina akakifunga kwenye pindo la kitenge kwa hasira. Upande wa pili wa chumba, Scholastika naye alikuwa amefungua cha kwake, na alikuwa ameanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwapo alipoingia.

Nyumbani, Agripina alimweleza Noel yote, akizunguka jikoni na mwiko mkononi. Atampendaje yule? Aanzie wapi? Usoni? Noel aliendelea kusafisha masega yake, halafu akauliza, "Andrea amesema umpende, au umtendee mema?"

"Nimtendee mema."

"Basi tenda. Hilo jingine si umeambiwa baadaye?"

Agripina hakuwa ameambiwa baadaye wala mapema, lakini alilichukua hilo neno kwa kuwa lilimfaa.

Jumatatu iliyofuata, Scholastika alipokwenda mashine ya kusaga, Agripina alipenya kwenye minyaa na ufagio wa njukuti, akaufagia uwanja wa jirani yake wote, kuanzia chini ya mti wa mwarobaini hadi mlangoni. Na kwa kuwa jambo lilipaswa kuwa la siri, alifagia akirudi kinyumenyume, akafuta hadi alama za miguu yake mwenyewe. Kisha akajibanza nyuma ya uzio ili aone upendo utakavyopokelewa.

Scholastika alirudi na ndoo ya unga kichwani, akaingia uwanjani, akasimama. Hapakuwa na alama hata moja ya mguu, wa mtu wala wa kuku. Ndoo nusura imponyoke.

"Wamezoa nyayo zangu!" alipiga kelele. "Jamani, nyayo zangu zimezolewa!"

Kila mtu pale anajua kwamba anayechukua udongo wa nyayo zako haendi kupandia maua. Majirani wakaja, wakatazama uwanja msafi, wakatikisa vichwa. Nyuma ya minyaa Agripina alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, machozi yakimtoka kwa kucheka, amekalia mavi ya kuku na hana habari. Maisha yake yote hakuwahi kudhani kuwa kutenda mema kuna utamu wa namna hiyo.

Basi akanogewa. Juma la pili aliokota mayai matatu kwenye viota vyake, akaenda kuyapanga kwenye kiota cha tetea wa Scholastika, ambaye siku hiyo alikuwa ameshataga lake. Mayai manne kwa kutwa moja, mawili meupe na mawili ya kahawia! Scholastika aliyatazama, akamtazama tetea, tetea naye akamtazama. Kabla ya saa sita tetea alikuwa ameshachinjwa na kufukiwa, nyama yake haikuliwa, na mayai yalitupwa mbali kwenye kichuguu. Agripina alihuzunika kidogo kwa ajili ya kuku, lakini siyo sana.

Juma la tatu akaingia kwenye shamba la alizeti la Scholastika na kumpalilia. Alitaka kupalilia shamba lote, Mungu ni shahidi, ila kiuno kilikataa baada ya mistari mitatu, akaondoka. Scholastika alipokuta mistari mitatu imepaliliwa vizuri na mingine yote iko kwenye majani, hakulala vizuri siku nne. Kwa nini mitatu? Ndani ya nyumba yake walikuwa wanaishi watu watatu: yeye, mumewe na mwanawe Nathan.

Kulikuwa na jambo moja lililomshangaza Agripina, na kusema kweli lilimuudhi. Kijiji kizima kilikuwa kinamtafuta mchawi wa Scholastika, na yeye, adui wa Scholastika wa miaka mitatu, anayeishi hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, hakutajwa hata mara moja. Alijiona amedharauliwa.

"Hivi mimi siwezi kuroga?" alimuuliza Noel.

"Kula," Noel akamjibu.

Halafu akatajwa mtu, na kicheko cha Agripina kikaishia hapo.

Ng'ambo ya pili ya nyumba ya Scholastika anaishi Bibi Yunisi, mjane wa zaidi ya miaka themanini, Mlutheri, mpole, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Watoto wake wako mbali, mmoja Mitundu, mwingine huko mijini. Kila asubuhi hupita uwanjani kwa Scholastika, njia ya mkato, kwenda kuokota kuni. Scholastika hakumtaja jina. Aliuliza tu, mbele ya wanawake wawili, "Ni nani anayepita uwanjani kwangu kila asubuhi, na kila siku anaelekea porini?" Kufikia mchana jina lilikuwa limetajwa na watu ambao hawakuwapo.

Siku mbili baadaye Agripina alikuwa mlangoni kwake akichambua uwele, akamwona Bibi Yunisi anakuja pampuni na kidumu chake cha njano. Mkono wa ile pampu ni mzito, na bibi hana nguvu za kuusukuma. Siku zote watoto walimpigia shikamoo, wakamsukumia, na mmoja akambebea kidumu hadi nyumbani. Siku hiyo wanawake walikusanya ndoo zao, hata zile ambazo hazijajaa. Mtoto mmoja alianza kusema "Shika...", mama yake akamvuta mkono. Uwanja wa pampu ukabaki mtupu. Bibi Yunisi alisimama, akaushika mkono wa pampu, akausukuma mara mbili, maji hayakutoka. Akachukua kidumu chake kitupu, akaanza kurudi polepole.

Agripina aliuacha uwele ukimwagika. Alimkimbilia, akamnyang'anya kidumu, akarudi kukijaza, akakibeba hadi mlangoni kwa bibi.

"Ahsante, mwanangu," Bibi Yunisi alimwambia. "Hebu niambie wewe unayesema kweli kila siku. Nimemkosea nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni kwa Agripina, limekamilika. Akalimeza. Mtu yule yule ambaye hajawahi kumeza neno tangu abatizwe alilimeza lile moja lililotakiwa. Alisema, "Hujamkosea mtu, bibi," akaondoka, na njia nzima alijichukia.

Maana angesema nini? Kwamba yeye, aliyeapa pale pampuni, ndiye anayemfagilia Scholastika uwanja? Wangemcheka mpaka kaburini. Na Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu tu. Siku ya Pasaka mambo yote yangejulikana kwa heshima, watu wameshiba. Bibi angevumilia wiki tatu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kila asubuhi alikwenda kumjazia bibi kidumu, kisha akarudi nyumbani akawa mkali kwa Noel, kwa kuku, na kwa jembe.

Mwishowe akapata hila. Atampa Scholastika kitu kimoja cha wazi, kitu ambacho hakuna mtu Singida nzima anayeweza kukiogopa. Akikipokea atajua kwamba yote yaliyotangulia yalitoka kwa mtu mwema, hofu itaisha, na bibi ataachwa. Akafikiri sana, akapata: mlenda. Mlenda mkavu, uliosagwa, ule Scholastika anaoupenda hata msimu huu ambapo mbichi umejaa mashambani, maana anasema mbichi una ladha ya majani, utadhani mkavu ulitokana na mawe. Agripina alipima kikombe kizima cha unga wa mlenda wake mwenyewe, aliouanika kwa mikono yake juu ya bati, akaufunga kwenye gazeti. Jumamosi, saa moja asubuhi, akauweka mlangoni kwa Scholastika, juu ya kizingiti, akarudi nyuma ya minyaa akiwa na amani kwa mara ya kwanza juma zima.

Alisahau kwamba kuku wake humfuata kila aendako. Na aliyetangulia kupenya uzio alikuwa yule Scholastika wa nne, mnene, mwenye bidii. Akalidonoa gazeti. Wenzake wakaja kusaidia. Walilipasua, wakaparura, wakauchambua unga huku na huku, na upepo kidogo wa asubuhi ukaunyoosha mbele ya mlango kwa mviringo ambao mtu asingeweza kuuchora vizuri zaidi. Halafu mmoja akakimbia na gazeti mdomoni, wengine wakamfukuza, na uwanja ukawa kimya.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Ukelele alioutoa Scholastika ulisikika hadi sokoni. Watu walikuja wakiwa na miswaki mdomoni. Na kweli, pale mlangoni kulikuwa na unga wa kijani kilichopauka, umemzunguka mwenye nyumba asiweze kutoka bila kuukanyaga. Hakuna aliyeusogelea kuunusa. Watu waliokula kitu kile tangu walipoachishwa ziwa hawakukitambua, kwa kuwa hakuna anayetegemea kukutana na mboga yake imemwagwa mlangoni pa mtu. Mwalimu Andrea akaitwa, akaja na chupa ya maji ya baraka. Vijana wawili wakakimbia upande wa pili, na Agripina, aliyekuwa ametoka kwenye uzio na kuchanganyika na watu, alijua wamekwenda kumleta nani.

Andrea alisali, akanyunyizia. Unga ukayanywa maji. Akanyunyizia tena, na kwa kuwa haukuonyesha kutii, akamimina chupa yote. Unga ukaanza kutoa mapovu madogo madogo. Andrea akachukua kijiti, akauchokoa, akakiinua. Kutoka chini hadi kwenye kijiti kukafuata uzi mrefu, wa kijani, unaong'aa, ukavutika, ukavutika, na haukukatika.

"Unavuta!" mtu akapiga kelele, na umati wote ukarudi nyuma hatua tano. Andrea akakitupa kijiti, akateleza, akaketi chini bila kupenda.

Siku nyingine Agripina angekufa kwa kicheko, na tungemzika tunacheka. Lakini Bibi Yunisi alikuwa ameshafikishwa. Alisimama mbele ya mlango na fimbo yake, kitambaa kimemdondoka kichwani kwa kukokotwa, na hakuna aliyemwokotea.

"Zoa ulichoweka," Scholastika alimwambia kutoka ndani.

"Sijaweka kitu, mwanangu."

"Zoa, bibi! Zoa tu, tuishe!"

Bibi Yunisi aliwatazama watu mmoja mmoja. Wengine aliwapokea walipozaliwa. Wakaangalia chini. Basi akaegemea fimbo, akaanza kukunja magoti ili azoe, kwa sababu aliona asipozoa itakuwa vibaya zaidi. Mkono wake ulikuwa umeshafika nusu ya njia.

"Acha, bibi!" Agripina alipita katikati ya watu kwa viwiko. "Usiguse! Ni mimi. Nimeuweka mimi. Na uwanja nimefagia mimi, na mayai nimeweka mimi, na mistari mitatu ni mimi, ningefika kumi kiuno ndicho kilichonishinda. Ni mimi niliyempata Scholastika kwenye ungo. Nilikuwa nampenda, basi! Nimesema!"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na wa pili, na Scholastika mwenyewe akatoa kicheko kikavu.

"Mama Witness, una huruma, unamkinga bibi," alisema mama mmoja kwa upole. "Lakini tafuta uongo mwingine."

Hawakumwamini! Watu waliokuwa tayari kuamini kwamba bibi wa miaka themanini na zaidi, asiyeweza kusukuma pampu, anazunguka akizoa nyayo na kuzidisha mayai, hawakuweza kuamini kwamba Agripina amemtendea Scholastika wema. Agripina alihisi uso wake unaungua. Hata yeye, akijiangalia, aliona wana haki.

Alifungua pindo la kitenge, akatoa kikaratasi, akamgeukia Andrea aliyekuwa bado amekaa chini. "Mwalimu, si ulikiona hiki?"

"Nilikiona," Andrea akakiri, akijifuta suruali.

"Sasa mbona umekaa kimya wiki nne?"

"Sikudhani ungetekeleza, Mama Witness. Nilikuwa nakusubiri Pasaka uniambie ulimwombea."

Bado kuna waliotikisa vichwa. Agripina akaona maneno hayatoshi, akainama, akachota kwa kidole kile kitu cha kutisha, uzi wake ukimfuata, akakitia mdomoni. Wanawake wakashika vifua. Akameza. "Ni mlenda," alisema. "Umekosa chumvi."

Scholastika alitoka ndani polepole. Aliinama, akanusa. Akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Una mchanga," alisema. Halafu, kwa sauti nyingine, "Ni mmoja tu hapa kijijini anayeanika mlenda wenye mchanga namna hii. Mama Witness, kweli ni wewe?"

Miaka mitatu hakuwa amemwita kwa jina hilo. Agripina akaitikia kwa kichwa.

Scholastika akarudi ndani, akatoka na Biblia, na katikati yake akachomoa kikaratasi kingine. Kiliandikwa Agripina.

"Wewe!" Agripina alipata sauti yake. "Siku thelathini! Siku thelathini nangoja nani atanitendea hata kitu kimoja, nikajua aliyenipata amelala. Umenitendea nini wewe?"

"Sijakusema."

"Nini?"

"Siku thelathini sijakusema. Siyo pampuni, siyo mashineni, siyo kwa mume wangu. Waulize hawa." Scholastika alikuwa karibu kulia. "Hata nyayo zilipozolewa, jina la kwanza lililonijia lilikuwa lako, limefika hapa kwenye meno, nikalirudisha. Unajua ilivyoniuma?"

Wanawake wakatazamana. Kweli, walikuwa wameona pampuni kumepoa. Na Agripina akaelewa kwa nini hakutajwa, na moyo wake, ambao ulikuwa umejiandaa kwa vita, ukapata aibu badala yake. Alikuwa amechekelea nyuma ya uzio akimwona huyu mama anatetemeka, na huyu mama alikuwa anatetemeka na bado anamfunikia jina.

"Ulimi ukakosa kazi kwangu," Agripina alisema taratibu, "ukauhamishia kwa bibi."

Wote wawili wakageuka.

Bibi Yunisi alikuwa ameshakaa juu ya jiwe chini ya mwarobaini, amejifunga tena kitambaa chake. Alikuwa amesikiliza yote kwa makini, kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine. Alinyoosha fimbo akaonyesha vile vikaratasi viwili.

"Kumbe huko kwenu mlikuwa mnagawana watu wa kuwatendea mema," alisema. "Jambo zuri. Na mimi, nani alinipata?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu. Andrea alifungua mdomo kueleza kwamba vilikuwa ni vya wanajumuiya, kwamba bibi ni wa kanisa jingine, kwamba orodha ilifuata utaratibu. Akaona maneno yote hayo yanavyosikika asubuhi ile, akaufunga. Akatoa daftari lake mfukoni, akachana karatasi mbili. Aliandika jina moja kwenye zote mbili, akampa Agripina moja na Scholastika moja. Safari hii hakuna aliyeomba kubadilisha.

Kidumu cha njano kilijazwa asubuhi ile na wanawake wawili walioshika mkono mmoja wa pampu na kugombana kila mpigo. Mmoja alisema mwenzake anausukuma ovyo, mwingine akasema mwenzake anaegemea tu. Mtoto aliyekatizwa salamu yake alimfuata bibi hadi nyumbani, akampigia shikamoo nzima, na mama yake hakumvuta mkono. Bibi akamwitikia marahaba mara mbili.

Jioni Agripina alikwenda tena kwa Bibi Yunisi, safari hii amekumbatia kuku wake mnene kuliko wote. Mlangoni akamkuta Scholastika, amefika kabla yake na bakuli la unga wa uwele. Scholastika alimtazama yule kuku kwa kumsifu, akampapasa mgongo.

"Amenona," alisema. "Anaitwaje? Nasikia wako wote wana majina."

Agripina alimtazama kuku, akamtazama jirani yake.

"Huyu hana jina," alisema, na wakaingia ndani.